Kalashabola

Mtu akikuambia anataka tovuti, muulize kwanza kama anajua kwamba tovuti inataka kulishwa. Mimi siku hizi nauliza. Wengi hapa Kahama wanadhani ni kama kaburi la zege: unajenga, unaandika jina, unaondoka. Mwaka ukiisha wanakupigia simu kwa hasira kwamba "website imelala", utadhani mimi ndiye niliyeifunika shuka. Ukiwauliza paswedi, wanasema unayo wewe. Ukiwaambia kwamba namba ya simu iliyoko pale waliiacha zamani, wanakuuliza ulikuwa wapi usiibadilishe. Nimechoka. Nalisema mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na nani.

Naitwa Ghati. Nina chumba kimoja Nyasubi, ubavuni mwa saluni, na humo natengeneza na kutunza tovuti za watu wenye biashara: wauza pampu, nyumba za wageni, duka la dawa za mifugo, na mchenjuaji mmoja wa dhahabu anayebadilisha jina la kampuni kila akigombana na wabia wake. Mimi ni Mkurya wa Tarime, na kama umewahi kukaa na Wakurya unajua tatizo letu. Mdomo wangu hauna ile herufi inayoanza neno "lala". Nikilisema linatoka "rara". Chuoni, nikisimama mbele kueleza kazi yangu, darasa zima lilikuwa linasubiri nifike kwenye "lengo la mradi" ili lipasuke kwa kicheko. Ndiyo maana naipenda kazi ya kuandika. Kwenye maandishi sina lafudhi. Kwenye maandishi naweza kuwa mtu wa Unguja nikitaka.

Dorah alikuja kwangu kiangazi cha mwaka jana, amevaa suti, vumbi la Nyasubi limemkalia viatuni. Yeye ni afisa uhusiano wa ofisi moja kubwa pale Shinyanga mjini, wale wanaoshika kipaza sauti na kusema "ndugu wanahabari". Kiswahili chake kimepigwa pasi. Kila r aliyoitamka ilisikika yote, haikosi hata chembe, nami nilijikuta namjibu kwa maneno machache ili nisimpe nafasi ya kunisikia.

"Baba yangu anatengeneza makarasha," alisema.

Kwa aliye mbali na dhahabu, karasha ni pipa kubwa la chuma linalozungushwa na injini, ndani yake kuna gololi za chuma zinazosaga mawe mpaka yanakuwa unga. Bila karasha, mchimbaji mdogo wa Mwakitolyo au wa kule Geita ana mawe tu. Mzee Luka, baba yake Dorah, ameziunda mashine hizo tangu ujana wake. Ila karakana yake iko ndani ndani, nyuma ya soko, na mafundi wapya wamejipanga barabarani kwenye macho ya kila mtu. Wateja walikuwa wamepungua hadi siku zinapita bila mtu kupiga hodi.

"Nitamlipia tovuti na tangazo la redio," Dorah akaendelea. "Mvua za kwanza zikinyesha na hakuna kilichobadilika, karakana naipangisha. Kuna mtu anataka godauni la pumba. Na Baba nitamchukua akapumzike kwangu Shinyanga." Alisema "akapumzike" kwa upendo kabisa, sitamsingizia. "Na Kiswahili kiwe fasaha. Sitaki kosa hata moja. Jina la tovuti ni hili." Akachukua kalamu yangu, akaandika kwa herufi nzuri: Karashabora.

Tukaenda karakanani pamoja. Mzee alikuwa ameinama juu ya pipa, kinyago cha kuchomelea kimefunika uso, cheche zinaruka. Alipokivua nikaona mtu mwembamba mwenye mvi, macho mekundu, tabasamu la kitoto.

"Kalibu, ng'wanone," akaniambia baada ya shikamoo yangu, yaani mwanangu kwa Kisukuma. "Mimi ndiye Baba Dola."

Nikaona Dorah amekaza taya.

Jina hilo lilichaguliwa na mama yake, ambaye sasa ni marehemu. Alilisikia kwa sista mmoja wa misheni akalipenda, hakukumbuka kwamba amemchagulia mwanawe herufi ambayo mumewe hana. Msukuma wa makamo ya Mzee Luka, r kwake ni l, hakuna mazungumzo. Basi nyumbani Dorah akakua akiitwa Dola. Shuleni wenzake waliposikia baba yake akimwita getini, wakapata la kufanya mpaka darasa la saba: Dola leo imepanda, Dola leo imeshuka. Haya alinisimulia mwenyewe baadaye, wala hakucheka.

Dorah alipokwenda kuzungumza na simu kwenye gari, mzee alinisogelea.

"Anasema nikapumzike. Nikapumzike na nini? Kule kwake kuna kapeti. Mtu unapumzika na kapeti?" Akapangusa mikono kwenye suruali iliyokuwa chafu kuliko mikono yenyewe. "Wewe fanya hiyo website ilete watu. Mimi nikitolewa hapa nimekwisha, nakwambia ukweli."

Sikuwa na nguvu ya kubeba maisha ya mtu. Nilikuwa nataka kutengeneza kurasa, nipokee ujira wangu, nikalale. Lakini alikuwa ameshasema, na nilikuwa nimeshasikia.

Tovuti ilianza vibaya kama zinavyoanza nyingi. Dorah aliniletea Dira na Dhamira, aya kwa aya, na picha alizozitoa mtandaoni za wazungu wenye kofia ngumu wakitabasamu mbele ya mgodi usiojulikana uko wapi. Nikaziweka, kwa kuwa ndiye aliyeniagiza. Hebu niambie, mtu ametoka shimoni, matope mpaka masikioni, ana kifurushi cha intaneti cha kuungaunga, ataisoma Dhamira? Anataka kuona mashine, anataka kujua inasaga vipi, inapatikana wapi, na namba ya kupiga. Namba yenyewe Dorah aliitaka chini kabisa kwenye ukurasa wa mwisho, kwa sababu juu "haipendezi".

Kila nilipopata nafasi nilikwenda karakanani kupiga picha za kweli. Mzee alinizoea haraka. Siku moja nilipomwambia "hebu rete hiro pipa kwenye mwanga" aliweka nyundo chini.

"Umesema nini?"

"Hakuna."

"Sema 'lala'."

"Sitaki, Mzee."

"Sema, nataka kusikia tu."

"Rara."

Alicheka mpaka akakaa kwenye kipande cha chuma. Nilikasirika, nikamwambia na yeye aseme "barabara".

"Balabala," akasema bila aibu yoyote, na mimi nikacheka. Tangu siku ile, kwake nilikuwa naongea kama ninavyoongea nyumbani. Hakuna mahali pengine Kahama nzima nilipokuwa nafanya hivyo.

Likaja suala la tangazo. Kituo cha redio kilikuwa na mtangazaji wa kulisoma, sauti nzito ya kupendeza. Mzee akaenda kituoni mwenyewe, amevaa shati la kanisani, akawaambia biashara ni yake na mdomo ni wake. Nililisikia mara ya kwanza nikiwa chumbani kwangu, redio ya saluni ikipita ukutani:

"Halo wachimbaji! Mimi Baba Dola wa Nyasubi. Kalasha imala, haichoki, haivunjiki! Ingia mtandaoni: kalashabola, dot ko, dot tizedi. Kalibuni sana!"

Niliacha nilichokuwa nafanya. Lilikuwa tangazo zuri. Matangazo mengine yote yanasomwa na watu ambao hawajawahi kushika jiwe, na hili lilikuwa la mtu. Nikasema moyoni, sasa watakuja.

Hawakuja. Nilikuwa nafungua hesabu za tovuti kila asubuhi kabla ya chai kuona wangapi wameingia, na nilichokuta ni mimi mwenyewe nikikagua picha, na mtu mmoja wa Shinyanga mjini, ambaye bila shaka ni Dorah. Nikaipunguza uzito ili ifunguke kwenye simu ndogo. Nikabadilisha picha. Nikahakikisha haijalala. Ilikuwa macho kabisa, kama duka lililofunguliwa kwenye mtaa usiopitwa na mtu. Unafanya kazi yako sawasawa na bado haifanyi kazi, na mwenye mali anakuangalia wewe. Hakuna uchovu kama huo.

Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa ziwa. Dorah akapiga simu.

"Tangazo limenidhalilisha," alisema. "Ofisini wananisalimia 'kalibuni sana'. Nimewaambia kituo waweke la mtangazaji wao. Na yule mtu wa pumba atakuja Jumamosi ya kwanza baada ya mvua kuangalia jengo. Nakushukuru, Ghati, ulijitahidi."

Ukishaambiwa ulijitahidi, ujue umeshazikwa.

Mchana huo nilikwenda kula kwa Asteria, mwenye mgahawa nyuma ya stendi. Tangazo la mzee lilikuwa bado halijaondolewa, likapita redioni wakati tunakula. Mbele yangu alikaa kijana mmoja mwenye kucha zilizoingia vumbi la mawe ambalo halitoki kwa sabuni. Akatoa simu, akaandika, akaguna.

"Hii ya huyu mzee mbona haifunguki? Natafuta tangu juzi."

"Hata mimi nilimtafutia ndugu yangu, ilikataa," Asteria akasema kutoka jikoni. "Labda ni ya utapeli."

"Huyu? Huyu hawezi kunipiga changa la macho. Anaongea kama baba yangu."

Nikamwomba simu. Kwenye kioo, chini ya ule ujumbe kwamba ukurasa haupatikani, nikasoma alichoandika: kalashabola.co.tz.

Niliangalia zile l mbili, l ambazo mimi siwezi hata kuzitamka, nikajisikia kulia na kucheka kwa pamoja. Mzee alikuwa amewaita watu wilaya nzima, wakaitika, wakaenda kubisha mahali ambapo hapakuwa na mlango. Na mlango wenyewe, wenye r mbili safi za Dorah, ulikuwa wazi kutwa nzima bila mtu.

"Nani amekuambia uandike hivi?" nikamuuliza yule kijana. Swali hilo halina l hata moja, kwa hiyo niliuliza bila hofu.

"Si amesema mwenyewe?"

Jina lake Masudi, mchimbaji wa Mwakitolyo, na gari lake lilikuwa linaondoka. Nikampa namba ya karakana akaiandika kiganjani. Kisha nikampigia mzee hapo hapo, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kuna mambo ambayo mimi na yeye hatuwezi kuyazungumza kwa simu.

"Mzee, nimejua tatizo. Tovuti yetu inaitwa Karashabora."

"Ndiyo. Kalashabola."

"Hapana! Watu wanaandika Karashabora. Yetu ni Karashabora."

"Ng'wanone, umekula?"

"Nakura sasa hivi! Nisikirize. Kuna Karashabora, na kuna Karashabora. Ni majina mawiri!"

"Nakusikia. Kalashabola na Kalashabola. Sasa tofauti iko wapi?"

Wateja wa Asteria walikuwa wameacha kula wakinitazama. Nikakata simu, nikatafuta bodaboda.

Karakanani nilichukua chaki anayotumia kuchorea vipimo, nikaandika kwenye bati nene lililoegemezwa ukutani: KARASHABORA. Chini yake nikaandika: KALASHABOLA. Mzee akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena. Akasoma la kwanza kwa sauti, akasoma la pili, yote yakatoka mamoja. Kisha akagusa zile herufi moja moja kwa kidole, na nikaona ameelewa.

"Kwa hiyo walikuja," akasema taratibu.

"Wamekuja wengi, Mzee. Wamekukosa."

Nikamweleza dawa. Tunasajili jina la pili, lenye l. Mtu akiliandika, anahamishwa kimya kimya mpaka kwenye lile la kwanza. Hakuna anayeona chochote. Hata Dorah hataona, nikamwambia, maana nilijua ndicho anachokiogopa.

"Fanya hivyo," akasema haraka. "Kimya kimya hivyo hivyo."

Nilikuwa nimeshapanda bodaboda aliponiita. Alikuwa amesimama langoni, chaki mkononi.

"Ghati. Hao wanaoandika kama ninavyosema mimi. Wao wanapitia uani?"

"Tuseme hivyo."

"Na wanaoandika kama Dola wanapitia mbele."

"Ni mambo ya mtandao tu, Mzee. Hakuna anayejua."

"Mimi najua." Akatazama barabara, siyo mimi. "Nimefanya kazi na hao watu maisha yangu yote. Wamekaa hapa, wamekula hapa, wamenililia hapa shimo likikataa. Leo waje kwangu wapitie uani kama vijakazi? Hapana. Hao wapite mbele. Wanaosema vizuli ndiyo wapitie uani."

Nikamwambia Dorah atakasirika. Akasema anajua. Nikamwambia watu watamcheka. Akasema wamemcheka tangu shule ya msingi na makalasha yake bado yanasaga.

Siku zilizofuata nilifanya kazi kuliko nilivyotaka. Nilisajili jina, nikalifanya ndilo lenyewe, la Dorah likawa la uani. Nikaondoa Dira, nikaondoa Dhamira, nikawaaga wazungu na kofia zao. Namba ya simu nikaiweka juu kabisa, kubwa, inayobonyezwa hata na kidole chenye matope. Nikaweka picha ya mikono ya mzee ikifunga boliti, picha ya pipa limefunguliwa ili mtu aone unene wa chuma, na maelezo ya njia kutoka sokoni. Mwisho nikaweka sauti yake, lile tangazo la redio lililokuwa limekataliwa, ili mtu akibonyeza alisikie. Yeye naye kule karakanani alikuwa anakata vyuma. Nilipokwenda kumwonyesha tovuti nilikuta amechomelea herufi za chuma juu ya lango, kila moja urefu wa mkono: KALASHABOLA.

Simu zikaanza. Sitasema zilifurika, maana nimechoka na hadithi za tovuti iliyomtajirisha mtu kwa wiki. Zilianza tu. Masudi alikuja na wenzake kutoka Mwakitolyo, wakakaa, wakakubaliana karasha moja jipya. Akapiga mwanamke wa Geita anayemiliki mwalo wa kuoshea unga wa dhahabu, akataka gololi. Wengi walianza kwa kuuliza kama ni kwa yule mzee wa redioni, na wakisikia sauti yake walikuwa wanacheka, siyo kicheko cha kumcheka. Mzee hakumwambia Dorah. Alisema atamwambia uso kwa uso.

Mvua ya kwanza ilinyesha Ijumaa mchana, ikafanya matope. Jumamosi asubuhi nilikwenda karakanani, mzee alikuwa ameniomba niwepo. Karasha la Masudi lilikuwa limening'inia kwenye mnyororo wa kapi, likisubiri kushushwa juu ya miguu yake ya chuma, na mzee alikuwa ameshika mnyororo kwa mikono miwili, glavu mpaka viwikoni. Ndipo gari la Dorah lilipofika. Akashuka, na nyuma yake mtu mnene mwenye miwani, yule wa pumba, ambaye moja kwa moja alianza kuhesabu sakafu kwa hatua.

Dorah hakuingia. Alisimama langoni ameinua uso.

"Nani ameandika hivi?"

"Mimi," mzee akasema.

"Baba, umekosea."

"Sijakosea."

Akanigeukia mimi. "Nilikulipa uandike Kiswahili."

Mbele yake sikuwahi kutamka neno lenye ile herufi kama ningeweza kulikwepa. Siku ile sikukwepa. "Nimeandika kire wanachoongea wanaonunua," nikasema. "Wamemtafuta kwa jina hiro, wakamkosa. Sasa wanampata. Na usidhani sijui kuchekwa, Dorah. Mimi chuo kizima kirinicheka."

Alinitazama kwa mshangao, kama anayenisikia mara ya kwanza. Na kweli ilikuwa mara ya kwanza. Kisha hasira ikamrudia.

"Mnajua nilifanya nini mimi?" Sauti yake ilipanda, ile pasi ikaanza kukunjamana. "Nilikuwa nasimama mbele ya kioo, mtoto mdogo, nasema Dorah, Dorah, Dorah, mpaka ulimi unauma. Peke yangu. Kila siku kabla ya shule. Ili mtu asinicheke. Leo nasimama mbele ya watu wazima naongea, hakuna anayejua nimetoka wapi. Na wewe, Baba, unaichomelea aibu yangu getini kwa herufi kubwa!"

Mtu wa pumba aliacha kuhesabu. Mzee alikuwa bado ameshika mnyororo, hawezi kuuachia, na labda ndiyo sababu aliongea akiwa amesimama wima namna ile.

"Mama yako alichagua jina zuli," akasema. "Mimi nililijalibu, ng'wanone. Siku ya ubatizo wako nilitangulia njiani peke yangu, nikawa nalisema. Dola. Dola. Likakataa. Nikajalibu na wewe mgongoni, nikajalibu shambani. Sikukuita vibaya kwa makusudi. Nilikuita kwa mdomo niliopewa." Akavuta pumzi. "Ukiwa mdogo ulikuwa unaitika."

Dorah akaingia, akasimama karibu na benchi.

Simu ya karakana ikaita juu ya benchi. Huwa imewekwa kwenye spika, sauti juu, kwa ajili ya kelele za vyuma. Mzee akaitazama, akatazama mikono yake.

"Pokea," akamwambia binti yake. "Mimi nikiachia hiki kitu kitamuua mtu."

Akapokea, nadhani kwa mazoea tu ya mtu wa ofisi.

"Karashabora, habari za asubuhi, nikusaidie tafadhali?"

Ikajibu sauti ya mwanamume, yenye upepo na injini nyuma yake: "Aa, samahani dada. Nimepiga ofisini kwa watu. Mimi namtafuta yule mzee wa Kalashabola." Ikakatika.

Dorah alibaki ameishikilia simu mbele yake, anaitazama. Nilimhurumia, nasema kweli, hata baada ya yote. Maisha yake yote alikuwa amejifunza kuongea ili asifukuzwe mahali, na sasa alikuwa amefukuzwa kwao, kwa heshima zote, kwa kuongea vizuri.

Simu ikaita tena. Namba ile ile. Iliita ikakaribia kukatika. Dorah akainua macho, akamtazama baba yake aliyekuwa amebeba karasha zima kwa mnyororo, halafu akabonyeza.

"Halo," akasema, chini chini. "Hapana, hujakosea. Ni hapa. Kalashabola."

Lilitoka bila shida yoyote. Lilikuwepo humo muda wote.

"Ndiyo, kwa Baba Dola. Yupo, mikono yake ina kazi." Akasikiliza. Yule mtu alikuwa anauliza yeye ni nani. "Mimi?" akasema, akageuka upande ili tusimwone uso. "Mimi ndiye Dola mwenyewe."

"Haya, Dola," ile sauti ikasema. "Mwambie mzee tuko njiani."

Mtu wa pumba aliuliza kama arudi siku nyingine. Mzee alikuwa amegeuzia uso ukutani, mimi nikakimbia kumsaidia kushika mnyororo, na hakuna aliyemjibu.